Setilaiti na sentimita tano za juu: mwenye ghala ausome vipi unyevu wa udongo

WAFANYABIASHARA wa nafaka wa Kibaigwa, Tandale na masoko mengine ya ndani huuliza swali lilelile kila msimu wa kupanda unapowadia: huko mashambani mvua imenyesha? Jibu hutoka kwa dereva wa lori, kwa wakala aliyeko kijijani, au kwa shemeji aliyepiga simu jana jioni. Kwa jibu hilo watu hufungua ghala au hulifunga, na bei ya gunia hupanda au hutulia kabla mbegu haijachipua.

Hata hivyo swali lenyewe lina kasoro. Mvua inayonyesha si yote inayobaki shambani. Nyingine hutiririka mpaka korongoni, nyingine hukaushwa na jua la siku mbili. Kinachootesha mahindi ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, na hayo hayaonekani katika chombo cha kupimia mvua. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakijaribu kuyapima kutoka angani kwa kutumia mawimbi ya maikrowevu. Leo takwimu hizo hutolewa bure, kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sehemu kubwa ya dunia. Wizara ya Kilimo ya Marekani huzitumia katika kufuatilia mazao, na makampuni ya bima yanazitazama kwa hamu. Mwenye ghala dogo naye anaweza kunufaika nazo, kwa sharti kwamba aelewe zinapima nini hasa. Asipoelewa, ni afadhali abaki na shemeji yake.

Maji husomwa namna gani

Njia ya asili ya kupima unyevu ni nyepesi. Mtaalamu huchota udongo, huupima kwenye mizani, huukausha katika tanuri la nyuzi 105 za sentigredi kwa saa 24, kisha huupima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Kipimo hicho ni cha haki, na vyombo vingine hurekebishwa kwa kukifuata. Lakini shimo moja hutoa jibu la shimo moja. Ukisogea hatua chache na kuingia bondeni, jibu hubadilika. Kuipima nchi nzima kwa koleo na tanuri kila baada ya siku tatu ni kazi ambayo hakuna hazina inayoweza kuigharimia.

Setilaiti hutegemea tabia moja ya maji. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, kwa hiyo hugeukageuka kulifuata wimbi la umeme linalopita. Wanafizikia huipima tabia hiyo kwa namba. Kwa udongo mkavu namba hiyo ni kati ya 3 na 4. Kwa maji ni karibu 80. Pengo hilo ndilo mtaji wa kazi yote. Ukiongeza maji kidogo katika udongo, sura yake mbele ya mawimbi ya maikrowevu hubadilika sana, hata kama kwa macho ya binadamu rangi ni ileile.

Vyombo ni vya aina mbili. Cha kwanza, radiometa, hakitumi kitu, husikiliza tu. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya maikrowevu, udongo nao ukiwemo. Udongo mkavu huyatoa kwa wingi, uliolowa huyazuia. Chukua udongo wenye joto la nyuzi 27 za sentigredi, yaani 300 za kelvini. Ukiwa mkavu, radiometa huuona kama kitu chenye nyuzi 280 hivi za kelvini. Ukilowa sawasawa, ukiwa mtupu bila majani, unaweza kuonekana kama wenye nyuzi zinazokaribia 200. Udongo wenyewe haukupoa kiasi hicho. Ni maji yaliyopunguza sauti yake. Chombo cha pili ni rada, ambayo hutuma wimbi lake na kupima mwangwi unaorudi. Udongo uliolowa hurudisha mwangwi mkubwa zaidi kuliko mkavu.

Faida ya vyombo vyote viwili ni kwamba wingu haliwazuii. Wakati wa masika, siku ambazo kila mtu angependa kuona mashamba, kamera ya kawaida iliyoko angani huona pamba nyeupe tu. Maikrowevu hupita, iwe mchana au usiku.

Masafa yanayopendelewa ni ya gigahezi 1.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 21. Wimbi refu namna hiyo hupenya majani na huingia ardhini zaidi kuliko mawimbi mafupi. Mataifa yamekubaliana kwamba kati ya gigahezi 1.400 na 1.427 mtu yeyote asirushe matangazo, ili wanaoisikiliza dunia na nyota waweze kusikia. Makubaliano hayo hayakuheshimiwa na wote. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS ilipoanza kazi ilikuta mitambo mingi ikirusha mawimbi katika nafasi hiyo, na katika baadhi ya maeneo vipimo vyake viliharibika mpaka wahusika walipofuatwa mmoja mmoja na kuombwa wazime. Kumbe hata hewani kuna wavamizi wa viwanja.

SMOS ilirushwa tarehe 2 Novemba 2009, ikiwa na antena ndogo 69 zilizopangwa katika mikono mitatu. Wamarekani walifuata na SMAP, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015 ikiwa na antena ya mita 6 inayozunguka. SMAP ilibeba radiometa na rada pamoja, kwa nia ya kupata picha ya karibu zaidi kuliko wenzao. Rada ilikufa tarehe 7 Julai mwaka huohuo, baada ya kazi ya miezi mitatu hivi. Radiometa ikaendelea peke yake.

Hesabu ya hekta moja

Takwimu za setilaiti hizo huandikwa kama sehemu ya ujazo. Ukiona 0.20, maana yake ni kwamba katika kila mita ya ujazo ya udongo asilimia 20 ni maji. Kina kinachosomwa ni sentimita 5 za juu, na udongo ukiwa umelowa sana hata hizo tano hazifikiwi.

Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa kina cha sentimita 5 inakuwa na mita za ujazo 500 za udongo. Unyevu wa 0.20 ni mita za ujazo 100 za maji, au lita 100,000. Kwa masikio ya mfanyabiashara ni maji mengi. Ni matangi 10 ya lita 10,000. Lakini yakitandazwa juu ya hekta nzima ni milimita 10 tu. Mahindi yanayotoa mbelewele huweza kutumia milimita 5 hadi 7 kwa siku moja ya jua kali, na kwa msimu mzima huhitaji milimita 500 hadi 800. Maji yote ya tabaka hilo, hata kama mmea ungeweza kuyanywa mpaka tone la mwisho (na hauwezi), yasingevuka siku mbili.

Kwa lugha ya dukani, setilaiti huhesabu fedha zilizomo katika droo. Akaunti ya benki, yaani maji yaliyoko chini ambako mizizi ya mahindi hushuka mpaka karibu mita moja, haioni. Zipo takwimu za mizizi zinazotolewa na mradi huohuo wa SMAP, kwa kina cha mita moja, lakini hizo ni makisio ya kompyuta yanayounganisha kipimo cha juu na taarifa za mvua, joto na aina ya udongo. Mhasibu anaelewa tofauti ya fedha taslimu zilizohesabiwa na madeni yanayotarajiwa kulipwa. Vyote viwili huingia katika mizania, lakini havilindwi kwa uzito mmoja.

Kosa linalokubalika nalo linafaa kutajwa. SMOS na SMAP ziliwekewa lengo la kutokosea zaidi ya 0.04. Katika hesabu iliyo hapo juu hiyo ni mita za ujazo 20 kwa hekta, au milimita 2. Si kosa kubwa, ila mtu asije akapandisha bei kwa sababu namba imeshuka kutoka 0.18 hadi 0.16.

Namba ileile, shamba tofauti

Jambo linalowapoteza wengi ni kudhani kwamba 0.20 ni 0.20 popote. Udongo wa kichanga hushika maji kidogo, ukifikia 0.20 umejaa na unayaachia yaliyozidi yazame. Udongo wa mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa kiangazi, huyang'ang'ania maji kiasi kwamba kwa 0.20 mmea hunyauka na maji yakiwepo. Kwa hiyo namba moja ni neema kwa jirani na ni ukame kwa mwingine. Anayelinganisha wilaya mbili kwa namba tupu analinganisha gunia na debe.

Zaidi ya hapo, uso wa shamba una hila zake. Shamba lililolimwa jana kwa trekta, likiwa na mabonge makubwa, hurudisha mwangwi wa rada kwa nguvu na huweza kudhaniwa limelowa. Kwa radiometa mabonge hayohayo hufanya udongo uliolowa uonekane mkavu kuliko ulivyo. Majani nayo ni pazia, maana yenyewe yamejaa maji na hutoa mawimbi yao. SMAP ilipangiwa kufanya kazi mahali ambapo mimea haina zaidi ya kilo 5 za maji katika mita moja ya mraba. Shamba la mahindi lililostawi hukaribia kiwango hicho, na msitu hukipita. Ndiyo sababu ramani huaminika zaidi juu ya nyika za Dodoma na Singida kuliko juu ya misitu ya Kongo.

Kisha kuna ukubwa wa kisanduku. Radiometa ya SMAP hutoa namba moja kwa kila kisanduku cha kilomita 36 kwa 36. Hicho ni kilomita za mraba 1,296, sawa na hekta 129,600. Mkulima wa hekta moja ni mmoja kati ya 129,600 wanaopewa jibu moja. Katika tambarare jibu hilo linaweza kufaa wengi. Katika Usambara, kisanduku kimoja huweza kubeba milima yenye ukungu ya Lushoto na nyika kavu iliyoko chini yake kuelekea Mkomazi, na wastani wake haumwelezi mtu yeyote. Karibu na ziwa au bahari hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya wazi yakiingia katika kisanduku huifanya nchi kavu ionekane imelowa. Mwenye biashara Ukerewe au Unguja azisome namba hizo kwa tahadhari kubwa.

Zipo setilaiti zinazoona karibu zaidi. Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, hutumia rada inayotofautisha vitu vya makumi ya mita. Tatizo ni kwamba hurudi mahali palepale baada ya siku nyingi, mara nyingi 12, na siku 12 bila mvua baada ya kupanda zinatosha kuua miche. NISAR, mradi wa pamoja wa Marekani na India uliorushwa tarehe 30 Julai 2025, nayo hurudia njia yake kwa siku 12, ikiwa imelenga kutoa unyevu wa udongo kwa visanduku vya mita 200. Hadi leo mnunuzi wa takwimu hulazimika kuchagua: ama aone kwa ukungu kila mara, ama aone vizuri mara chache.

Mbegu iko wapi

Baada ya kasoro zote hizo ungefikiri takwimu hazina faida. Zinayo, na imejificha katika kipimo kilekile kinachodharauliwa. Mbegu ya mahindi hufukiwa kwa kina cha sentimita 5 hivi. Wakati wa kupanda shamba liko tupu, hakuna pazia la majani, na maji yanayotakiwa ni ya tabaka lilelile ambalo setilaiti huliona. Kwa majuma machache kila mwaka kile kinachopimwa na kile kinachotakiwa na soko ni kitu kimoja.

Hapo ndipo mwenye ghala anapoweza kutangulia uvumi. Mvua moja kubwa ya mwanzo husababisha shangwe, wakulima hupanda, mawakala hupiga simu kwamba mambo ni mazuri. Ikiwa ramani ya siku sita baadaye inaonyesha tabaka la juu limerudi katika ukavu wa kiangazi, mbegu iko hatarini na kuna uwezekano wa kupanda upya. Maana yake kibiashara ni kwamba mbegu na mbolea zitatakiwa mara ya pili, mavuno yatachelewa, na akiba iliyopo italazimika kufika mbali kuliko ilivyokadiriwa. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua hilo huangukia miezi ya mwanzo wa mwaka, ambayo tayari ni ya bei kubwa.

Mahindi yakishafika kiunoni, thamani ya takwimu hushuka. Pazia limefunga, mizizi iko chini, na anayetaka kukisia mavuno atafute takwimu za mvua, picha za ukijani na safari ya shambani. Faida hurudi kidogo wakati wa kuvuna. Udongo wa juu uliolowa katika wiki za mavuno ni dalili ya barabara za vumbi kugeuka matope na ya punje zisizokauka, na kiwango cha Afrika Mashariki hakikubali mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5.

Bima inapoungana na namba

Suala hili huwa zito zaidi pale namba inapoamua nani alipwe. Bima ya kawaida humtuma mkaguzi shambani, na kwa mkulima wa hekta moja nauli ya mkaguzi hula ada yote. Kwa hiyo pakatokea bima inayotazama kipimo badala ya shamba. Kenya ilianza mapema. Kilimo Salama ilianzishwa mwaka 2009 ikitumia vituo vya hali ya hewa, na Januari 2010 wafugaji wa Marsabit wakaanza kuuziwa bima iliyopima ukijani wa malisho kutoka angani. Baadaye ikaja pia bima ya kupanda upya, ambapo mkulima hukuta kadi ndani ya mfuko wa mbegu, hujiandikisha kwa simu, na mvua hufuatiliwa kwa setilaiti katika wiki za mwanzo.

Hatari ya mpango wa namna hiyo ni kipimo kusema hili na shamba kusema lile. Malawi iliionja katika msimu wa 2015/16. Serikali ilikuwa imenunua bima ya ukame kutoka African Risk Capacity, taasisi iliyo chini ya Umoja wa Afrika. Ukame ukapiga, watu wapatao milioni 6.5 wakahitaji chakula, lakini kompyuta ikaonyesha kwamba kiwango cha kulipa hakijafikiwa. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kwamba hesabu ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamehamia mbegu ya muda mfupi. Hesabu ikarekebishwa na dola milioni 8.1 zikakubaliwa kulipwa mwezi Novemba 2016, wakati njaa ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa janga la taifa tangu Aprili.

Kipimo katika mkataba ule kilikuwa mvua, si unyevu wa udongo. Wapo wanaodai kwamba unyevu ungetoa jibu la haki zaidi, kwa kuwa uko karibu zaidi na mmea. Hoja hiyo ina nguvu kwa bima ya kupanda. Kwa bima ya mavuno haina, maana kilichokosewa Malawi ni dhana kuhusu mbegu, na dhana ya namna hiyo hubaki palepale hata chombo kikibadilishwa. Chama cha ushirika kinacholetewa mkataba wa unyevu wa udongo kinapaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi: ni tabaka la kina gani, ni kipimo au ni makisio, kisanduku kina ukubwa gani na kimebeba milima au maji ya ziwa, na ni tarehe zipi zinazohesabiwa. Wakala asiyeweza kujibu hilo la tarehe hajui anauza nini.

Kusoma ramani bila kudanganyika

Namba ya leo isomwe kando ya namba za tarehe hiyohiyo katika miaka iliyopita, kwa kisanduku kilekile. Hapo aina ya udongo hujifuta yenyewe, kwa kuwa mfinyanzi hulinganishwa na mfinyanzi. Kumbukumbu za SMAP zinaanzia 2015, na mfululizo wa Ulaya unaounganisha setilaiti nyingi unarudi nyuma mpaka 1978, ingawa miaka ya mwanzo ina mapengo. Mwenye biashara ya Kaskazini mwa Kenya ana alama mbili nzuri za kupimia: misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu tangu mwishoni mwa 2020, na mafuriko ya El Niño ya Oktoba hadi Desemba 2023. Namba ya wiki hii ikiwekwa kati ya alama hizo huanza kueleweka.

Saa ya kipimo nayo itazamwe. SMOS na SMAP hupita saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kipimo cha asubuhi ndicho cha kuaminika zaidi, kwa sababu wakati huo joto la udongo na la majani hukaribiana na hesabu huwa nyepesi. Namba moja ya jioni isimtoe mtu dukani kwenda kukodi lori. Asubiri asubuhi mbili au tatu zinazokubaliana, kisha ampigie wakala aliyeko kijijani na kumwomba achimbe kwa jembe, kwanza sentimita 5, halafu sentimita 30, mahali patatu tofauti, aseme udongo wa kila kina unafinyangika mkononi au unamwagika.